Wimbi Lisilosafiri: Mwongozo wa Waliobobea katika Kayaki, Kutoka Kiganjo hadi Sagana na Jinja

Mkazi wa Kiganjo, kando ya mji wa Thika, anayependa mawimbi ana zaidi ya kilomita 500 kati yake na Mombasa. Lakini kilomita 60 hivi kutoka mjini Thika kuna mto ambao kila msimu wa mvua hutoa mawimbi ya kumjaribu mpiga kasia hodari. Mto huo ni Tana, katika kipande chake cha juu kinachopita Sagana. Kampuni za utalii zimewapitisha wageni hapo kwa boti za mpira kwa miaka mingi. Mwenye kayaki huenda kutafuta kitu kingine: wimbi la kukaa juu yake, akipiga kasia huku na huku, mto mzima ukipita chini yake.

Mwongozo huu si wa anayeanza. Ni wa mtu anayeweza kupinduka kwenye maji yanayokwenda kasi na kujiinua bila kutoka ndani ya kayaki, kwa upande wa kulia na wa kushoto. Awe pia anaweza kuchagua mahali tulivu nyuma ya jiwe fulani na kufika hapo hapo, si mita kumi chini yake. Awe ameshaogelea kwenye maji ya kasi, na amewahi kumrushia mwenzake kamba akamvuta nje. Ukikosa hata kimoja kati ya hivi, anza na boti ya mpira chini ya kiongozi mwenye leseni, kisha ujifunze kayaki kwenye maji yaliyotulia. Mto utakusubiri.

Wimbi la mto hutoka wapi

Baharini, wimbi husafiri na maji hubaki. Mtoni ni kinyume: maji husafiri na wimbi hubaki palepale. Maji yanapoteremka kwa kasi juu ya ukingo wa mwamba ulio chini, kisha yakakutana na maji ya kina yanayokwenda polepole, kasi yao inakatika ghafla na sehemu ya nguvu hiyo inainuka kuwa ukuta. Ukuta huo unaweza kusimama mahali pamoja kwa wiki nzima ikiwa mto haujapanda wala kushuka.

Kuta hizi ni za aina mbili, nawe ni lazima uzitofautishe kabla hujaingia majini. Ya kwanza ni wimbi laini, la kijani au la kahawia, lenye mteremko mrefu na kilele ambacho hakivunjiki au kinavunjika kidogo. Hilo ndilo la kuteleza juu yake. Ya pili ni shimo: maji yanaanguka wima, yanapiga chini, kisha yanajiviringisha kurudi nyuma kuelekea yalikotoka, yakiwa meupe kwa povu. Shimo dogo lililo wazi pembeni linafaa kwa michezo. Shimo pana linaloziba mto kutoka ukingo hadi ukingo humshika mtu na kumzungusha asitoke.

Tazama povu. Likikimbia kuelekea chini ya mto, maji yatakutoa. Likirudi juu kwa umbali wa zaidi ya urefu wa kayaki yako, usiingie. Tazama pia umbo la shimo kutoka upande wa juu wa mto: ncha zake zikielekea chini, maji yatakusukuma pembeni na kukuachilia; zikielekea juu, yatakurudisha katikati kila unapojaribu kutoka.

Mahali ni kimo cha maji

Ukimuuliza mpiga kasia mahali pazuri, atakutajia jina. Jina pekee halitoshi. Mwamba uleule wa Tana, mto ukiwa chini, ni jiwe kavu la kukwangua kayaki. Mto ukipanda nusu mita, ni wimbi la kuchezea tangu asubuhi hadi jioni. Ukipanda mita moja zaidi, ni shimo ambalo kila mwenye busara analizunguka kwa miguu. Kwa hiyo mahali pa mto ni vitu viwili kwa pamoja, mwamba na kimo cha maji, na asiyejua kimo hajui anakokwenda.

Mito yetu huzaliwa Nyandarua na Mlima Kenya, nayo hufuata mvua. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Mvua za vuli huja Oktoba hadi Desemba. Tana ya juu huwa na maji mazuri kuanzia Aprili hadi Julai hivi, na tena katikati ya Oktoba hadi katikati ya Januari. Mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei ndipo mto huwa na nguvu zaidi. Juni na Julai, wakati wa baridi na ukungu, maji hushuka polepole na mawimbi hutulia katika umbo moja kwa siku nyingi; kwangu mimi huo ndio wakati bora wa kujifunza wimbi moja hadi ulijue. Agosti na Septemba mto hupungua, na Februari miamba huonyesha meno yake yote.

Mgawanyo huu ni wa mwaka wa kawaida. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Katika wakati kama huo hakuna ujuzi unaomruhusu mtu kuingia Tana, Athi wala kijito chochote kinachoelekea huko. Soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya kila safari, na usiangalie Sagana pekee: angalia milima. Mvua ikinyesha Nyandarua jioni, maji yake hukufikia usiku au asubuhi, wakati mbingu ya Sagana ni safi na jua linawaka.

Pa kwenda, na pa kuacha

*Tana, Sagana.* Mizani ya kimataifa hugawa maji ya kasi katika madaraja 6, kuanzia maji mepesi hadi yale yanayokaribia kutopitika. Kipande cha Sagana kina vipande vitulivu vya daraja la 2, na vingine vinavyofika la 4 na la 5 mto ukijaa. Kati ya vipande vikali kuna maji mapana na tulivu, na hilo ndilo linalopafanya pawe shule nzuri: ukipinduka na kutoka ndani ya kayaki, mara nyingi una nafasi ya kukusanya vifaa na pumzi kabla ya hatua inayofuata. Usichukulie hivyo mto ukiwa umejaa, kwa maana vipande vitulivu hufupika na makosa mawili huungana kuwa moja. Mara yako ya kwanza, shuka na viongozi wa kambi zilizoko kando ya mto. Wao huuona kila siku, na wanajua ni mwamba upi umesogea tangu mafuriko ya mwisho.

*Mathioya, Murang'a.* Huu ni mto mwembamba, wenye mteremko mkali na mawe mengi. Mvua ikinyesha hupanda kwa saa chache na kushuka kwa haraka vilevile, basi ni lazima uwe karibu na uwe tayari. Hapa mawimbi ya kukaa juu yake ni machache. Kazi kubwa ni kupita kati ya mawe bila kupumzika, hatua baada ya hatua. Nenda ukiwa na wenzako wasiopungua wawili wanaoumudu, na mtembee ukingoni kila mahali ambapo hamuoni chini ya kona. Kumbuka pia kwamba mito ya Mathioya na Maragua ina vizuizi vya zege vinavyochepusha maji kwenda kwenye vituo vidogo vya umeme kama Wanjii na Mesco. Nitavirudia vizuizi hivyo hapa chini, kwa sababu ndivyo vinavyoua.

*Chania na Thika, mjini.* Maporomoko mawili yaliyo karibu na hoteli ya Blue Posts ni ya kutazama. Chania huanguka takriban mita 25, nao mto Thika unapungua au kujaa kutegemea pia bwawa la Ndakaini lililoko juu yake, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Kupita pale kwenye barabara kuu na kutazama rangi na kelele ya maji kutakupa fununu ya mvua iliyonyesha milimani. Hiyo ndiyo faida yake kwako.

*Athi, Fourteen Falls.* Ni karibu na Thika, karibu na Ol Donyo Sabuk, na ndiyo maana vijana wengi hushawishika. Usiingie. Maji huanguka karibu mita 27 katika njia nyingi juu ya miamba, na mto huo umeshapokea uchafu wa Mto Nairobi kabla ya kufika hapo. Hata anayetoka mzima huweza kurudi nyumbani na maradhi ya tumbo au ya ngozi.

*Naili, Jinja.* Ukishaimudu Tana katika vimo vyake mbalimbali, panda basi la Kampala linalopitia Busia au Malaba, ushuke Jinja. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Naili huko ni pana, yenye kina na maji ya uvuguvugu, na mawimbi yake ni makubwa kuliko chochote kilichopo Kenya. Wimbi la Nile Special lilivuta wachezaji wa kayaki kutoka pande zote za dunia. Hata hivyo mto huo umebadilishwa na mabwawa: maporomoko ya Bujagali yalizama bwawa la Bujagali lilipojazwa, nalo bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, lilirudisha maji juu hadi kwenye baadhi ya mawimbi mashuhuri, Nile Special likiwa mojawapo. Kimo cha maji pale huamuliwa na vituo vya umeme zaidi kuliko mvua, basi uliza wenyeji wa Jinja asubuhi ya siku hiyo ni maji kiasi gani yameachiliwa. Maporomoko ya Itanda bado yapo, na ni ya wale wachache ambao hata wao huyatazama muda mrefu kabla ya kuamua.

Tofauti kati ya mito hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tana inakutisha kwa mwamba: maji ni machache, na kichwa kiko karibu na jiwe. Naili inakutisha kwa muda: huenda usiguse jiwe lolote, lakini utakaa chini ya maji kwa sekunde nyingi kuliko ulizozoea, kisha utaogelea mbali. Kwa Tana, jifunze kujiinua haraka. Kwa Naili, jifunze kutulia.

Kuupima mto kabla ya kuingia

Fika mapema. Kwenye nguzo za baadhi ya madaraja na kando ya mto utaona kibao cha namba kinachotumiwa kupima kimo cha maji. Andika namba hiyo. Pasipo na kibao, chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia, au tia alama kwenye jiwe, kisha ukitazame tena baada ya nusu saa. Maji yakikipita kijiti, mto unapanda, nawe hujui utakoma wapi.

Dalili nyingine za mto unaopanda: maji yanageuka mekundu kwa udongo wa miinuko ya Murang'a, majani, vijiti na takataka zinaelea katikati ya mkondo, sauti inabadilika na kuwa nzito. Ukiziona dalili hizi ukiwa tayari majini, toka upande ulio na njia ya kurudi nyumbani.

Kisha tembea. Kila kipande cha daraja la 4 na kuendelea kitazame kutoka ukingoni, uanzie chini ukipanda juu. Jiulize maswali manne kwa mpangilio huu. Nikiogelea hapa, maji yatanipeleka wapi? Nani atasimama wapi na kamba? Njia yangu ni ipi, na alama zake nitazionaje nikiwa chini kwenye kayaki? Mwisho: je, nataka kuingia? Wengi huanza na swali la mwisho, na wakishajibu ndiyo, yale mengine hawayasikii tena.

Kupanda wimbi lenyewe

Anza kutoka maji tulivu yaliyo kando ya wimbi. Elekeza pua ya kayaki juu ya mto, ikiwa imeegemea kidogo upande wa wimbi, na uvuke mpaka wa mikondo ukiwa na kasi. Unapovuka, lalia upande ambao maji yanaelekea, usije ukapinduliwa na mkondo. Wengi hukosea kwa kuweka pembe kubwa mno: pua inachukuliwa, kayaki inageuka, na wimbi limekwisha kabla halijaanza.

Ukifika kwenye mteremko, piga kasia mara mbili au tatu kwa nguvu huku umeinama mbele. Utahisi kayaki ikiacha kurudi nyuma na kuanza kushuka yenyewe. Hapo acha kupiga. Weka kasia nyuma yako, sambamba na kayaki, na ulitumie kama usukani. Macho yatazame mahali unapotaka kwenda. Pua ikianza kuzama kwenye maji yanayokuja, egemea nyuma na uigeuze kayaki kidogo upande mmoja; ikianza kupoteza mteremko na kurudishwa kwenye kilele, inama mbele tena.

Ukiingia shimoni kwa ubavu, inua ukingo wa kayaki ulioelekea juu ya mto na uegemee povu lililo upande wa chini. Ukisahau na kuushusha ukingo huo, maji yatakupindua papo hapo. Kutoka, piga kasia mbele au nyuma kuelekea ncha iliyo wazi. Ukipinduka, usikimbilie kutoka ndani ya kayaki; mara nyingi maji ya chini yanakwenda mbele, na yatakutoa shimoni kabla hujajiinua.

Hatari tano

Kwanza, kizuizi cha zege. Kinaonekana chepesi: mstari mmoja ulionyooka, maji yanateremka kwa usawa, povu jeupe chini. Unyoofu huo ndio mtego wake. Shimo lililo chini yake halina ncha ya kutokea, na kuta za pande zote mbili ni wima. Beba kayaki yako upite nchi kavu.

Pili, mti ulioanguka mtoni. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Ukisukumwa kuelekea kwenye mti na huna njia nyingine, uogelee kwa nguvu kichwa kikitangulia na upande juu yake. Usiuache ukupokee kwa miguu.

Tatu, mwamba uliochimbwa na maji chini yake. Mwamba wa kawaida huwa na tuta la povu upande wa mbele, maji yakirudishwa. Usipoliona tuta hilo, maji yanapita chini ya mwamba, nawe utapitishwa huko.

Nne, miguu yako. Ukiwa unaogelea, lala chali, vidole vya miguu juu, miguu ikitangulia chini ya mto. Usisimame kwenye maji ya kasi yanayozidi magoti. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi na hutaweza kunyanyuka. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne.

Tano, wanyama na maradhi. Viboko na mamba wako hasa upande wa chini wa Tana, kuanzia eneo la bwawa la Masinga na kuendelea; malizia safari yako mbali na huko. Kichocho huenezwa na konokono wa maji yaliyotulia, na kinajulikana sana Mwea na ziwa Victoria. Usikae kwenye maji ya kimya yenye majani. Ukirudi kutoka Jinja, pimwa baada ya miezi miwili hivi na umeze dawa ukiambiwa.

Vifaa na ishara

Vaa jaketi la kuokoa maisha linalobana mwili na halipandi kichwani likivutwa mabegani. Vaa kofia ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mto. Ya pikipiki hujaa maji na inaweza kukuumiza shingo. Viatu viwe vya kufunga, malapa yabaki kwenye gari. Kila mmoja awe na filimbi na mfuko wa kamba ya mita 15 hadi 20. Anayerusha kamba asijifunge nayo mkononi kamwe: aishike apate kuiachilia. Anayeokolewa aipitishe kamba juu ya bega na alale chali, ili maji yapite juu ya kofia yake na kumwachia nafasi ya kupumua.

Kubalianeni ishara kabla ya kuondoka. Kasia wima: njoo. Kasia mlalo juu ya kichwa: simama. Filimbi moja: nitazame. Tatu: kuna mtu taabani. Unapoonyesha kwa mkono, onyesha upande salama tu, usionyeshe hatari, kwa sababu aliye majini hufuata mkono.

Njiani na kando ya mto

Kutoka Kiganjo, shuka mjini Thika na upande matatu zinazoelekea Sagana, Karatina au Kerugoya kupitia Kenol na Makutano. Kayaki hazikubaliki kirahisi kwenye matatu, basi changieni gari au mkodishe vifaa kambini. Ondokeni alfajiri. Mvua za alasiri huja bila kuomba ruhusa, na giza likiwakuta mtoni, hata wimbi dogo huwa kubwa.

Mashamba ya kando ya mto yana wenyewe. Omba njia kabla ya kupita, funga lango uliloliacha nyuma, na usikanyage mihindi ya mtu kwa sababu unafuata kamba. Ukimkuta mzee anachunga ng'ombe au kijana anachota mchanga, msalimie na umuulize maji yalifika wapi jana usiku. Atakuonyesha kwa kidole alama ya matope kwenye jani, na hapo utajua jambo ambalo utabiri hauwezi kukuambia. Wanawake wakiwa wanafua au watoto wakioga, pita mbali na polepole.

Weka daftari

Kila ukirudi, andika tarehe, namba ya kibao au umbali wa maji kutoka alama yako, mvua ya siku tatu zilizotangulia, na wimbi lilivyokuwa: laini, shimo, au jiwe kavu. Andika pia siku ulizotazama ukageuka nyumbani, pamoja na sababu. Baada ya misimu miwili utakuwa na jedwali la kipande chako cha mto, na utaweza kukisia kabla hujatoka nyumbani kama wimbi fulani limeamka.

Kisha wape wengine jedwali hilo. Kuna vijana Thika, Ruiru na Murang'a wanaojifunza kayaki wakati huu, na wengi hupewa majina ya mahali bila kupewa kimo cha maji. Mtu aliyepewa jina pekee huenda Mei akaingia kwenye shimo ambalo rafiki yake alilichezea Julai likiwa wimbi. Ukimwelekeza mtu mtoni, mtajie mwamba na maji kwa pamoja, na umwambie ni kwa kimo gani wewe mwenyewe hukuingia.